Nyapara Aliyejisubiri Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa. Mwalimu wa kompyuta ametangaza kwamba Jumatano ya wiki ijayo Mhandisi kutoka chuoni atakuja kumwona Kobe. Atachagua mwanafunzi mmoja wa klabu yetu aende chuoni wiki mbili za likizo, akae na watu ambao kuandika viini ndiyo kazi yao ya kila siku. Mmoja. Tuko saba.

Kobe ni kiini tulichokiandika wenyewe mwaka mzima. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayogawa kazi: programu ipi itumie diski, ipi iandike kwenye skrini, ipi ingoje. Jina la Kobe limetokana na mwendo wake.

Mimi ni Mkaguzi wa Makufuli. Kila kitu ambacho programu mbili zinaweza kukigombania kina kufuli lake. Programu inayotaka diski huchukua kufuli la diski, ikimaliza hulirudisha, nyingine nayo ipate. Makufuli yana namba. Sheria ni moja tu: anayehitaji mawili aanze na lenye namba ndogo. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna aliyeivunja.

Tatizo. Wiki sita sasa sijakuta kosa hata moja. Sehemu ya diski, ambayo ndiyo ngumu, ameiandika Miwani, mwenzangu wa benchi moja tangu darasa la tatu. Miwani hakosei. Huandika kila kitu kwa penseli kwanza, kwenye daftari la hesabu, ndipo aiguse kompyuta. Mimi humsifu kwa mdomo. Moyoni naona ananinyima kazi. Mkaguzi asiyekuta kosa ana tofauti gani na mkaguzi aliyelala?

Bado siku tisa. Tumaini ninalo.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi mbaya. Nyumbani tuna bafu moja na ndoo moja ya maji ya moto. Niliwahi bafuni, nikafunga komeo. Ndoo ilikuwa jikoni, Dada ameikumbatia. Alisema haitoi mpaka nitoke. Nilisema sitoki mpaka niipate. Dakika ishirini na tano! Maji yakapoa, sote tukachelewa.

Nilimweleza Mama kupitia mlangoni kwamba hili ndilo kosa baya kuliko yote katika fani yangu. Kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake, na hakuna anayeachia. Dawa yake inajulikana: ndoo kwanza, bafu baadaye, kwa kila mtu, kila siku. Mama alisema dawa anayoijua yeye ameivaa mguuni, na yuko tayari kuivua. Nikafungua komeo.

Njiani Dada alicheka hadi getini. Eti Mkaguzi wa Makufuli ameshindwa na komeo la bafu. Nilikuwa nafikiri. Mwaka mzima nimesema habari za utaratibu pale nyumbani, hakuna aliyegeuza shingo. Leo mambo yalipokwama, nyumba nzima ilisimama mlangoni kunisikiliza. Hata Baba, mswaki mdomoni.

Kumbe mtaalamu bila kosa hana wasikilizaji.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemaliza Nyapara. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya Kobe na daftari lake. Kila kufuli linapochukuliwa, Nyapara anaandika: fulani amechukua namba fulani, tayari alikuwa ameshika namba fulani. Akiona mtu ameshika namba kubwa kisha anachukua ndogo, anatakiwa aandike onyo kwenye skrini kwa herufi nyekundu. Hangoji ajali. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwa sababu kosa la aina hii linaweza kukaa mwaka mzima bila kumdhuru mtu, mpaka siku programu mbili zikutane pabaya.

Nilimwasha. Alikaa kimya saa nzima. Kobe mkamilifu, Miwani mkamilifu, kila mtu mkamilifu. Mwalimu alifurahi, akasema kimya kama hicho ndicho tunachokitafuta. Nikacheka kwa adabu.

Kisha akauliza kama nimemjaribu Nyapara kwa kosa la kweli, nione kama anapiga kelele. Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimemjaribu. Nitamjaribu. Ningetoa kosa wapi?

Nyapara anamfanya Kobe awe mzito zaidi, kwa hiyo Mwalimu anataka azimwe. Nilimwomba awashwe siku ya mgeni, dakika chache tu. Nilimwomba mara tatu. Akakubali ya nne.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haya nikiwa nimefunga komeo.

Klabu ina desturi. Hakuna faili linaloingia ndani ya Kobe mpaka mtu mwingine alisome mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini, kisha aandike kwenye daftari jekundu: nimesoma, nimeridhika, na sahihi yake. Leo Miwani alinipa faili la diski. Aliliboresha ili kunakili mafaili kuwe na kasi. Alinimegea nusu ya chungwa lake, akaenda maktaba, akaniacha peke yangu katika chumba cha klabu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti.

Nilisoma kila mstari. Hakuna kosa. Palikuwa na mahali anachukua kufuli namba tatu, la orodha ya mafaili, halafu namba tano, la diski. Sawasawa kabisa.

Nikaigeuza mistari hiyo miwili. Tano kwanza, kisha tatu.

Mpango ni huu. Jumatano, mbele ya Mhandisi, Nyapara atatoa onyo jekundu. Watu watashtuka. Nitasimama, nitaeleza kwa upole, nitarekebisha kwa dakika moja. Nitasema hata mwandishi bora huteleza. Miwani hatapoteza chochote, ana sifa za kugawa. Mimi nitakwenda chuoni.

Sikumjaribu Nyapara kwa kosa hilo. Nataka Jumatano mshangao wangu uwe wa kweli. Sipendi udanganyifu.

Nikaandika: nimesoma, nimeridhika. Sahihi ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuweka.

Chungwa lilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 10 Machi

Sina raha. Nilikunja nguo za Dada bila kuambiwa, akaniuliza nimevunja nini.

Miwani alikuja kurudisha rula yangu. Mama alimkaribisha ndani, akamsifu mbele yangu kwamba yeye ni mtoto anayesalimia watu wazima mpaka mwisho. Miwani aliniambia hajawahi kutamani kitu kama zile wiki mbili. Baba yake ni fundi cherehani, ameshamshonea begi lenye mfuko wa daftari. Akasema hajali lisipotumika. Aliisema kama mtu anayejali sana.

Alipoondoka Mama alinitazama, akasema majuto ni mjukuu. Sijui alijuaje. Wangu ameshaanza kutembea.

Nimeamua. Kesho naigeuza ile mistari irudi ilivyokuwa. Nitashinda kwa haki, au nitashindwa kwa haki, ila naomba kushinda.

Jumatatu, 11 Machi

Nilifika shuleni kabla ya mfagizi. Mlango wa chumba wazi, Mwalimu ndani, kalala macho juu ya kiti. Amemfungia Kobe. Kuanzia leo hakuna anayegusa hata herufi moja mpaka mgeni aondoke. Anayetaka kubadilisha kitu aje kwake na aonyeshe mstari.

Nilimwambia nina wasiwasi na faili la diski. Akauliza mstari upi. Nikasema ni hisia tu. Akasema kiini hakiandikwi kwa hisia, halafu mbona sahihi yangu ya Ijumaa inasema nimeridhika? Nikasema niliridhika wakati ule. Akasema yeye amemwendesha Kobe tangu alfajiri na hajakwama hata mara moja.

Bila shaka hajakwama. Nyapara amezimwa, na zile programu mbili bado hazijakutana pabaya. Nilijua hivyo. Ningeweza kumwonyesha mstari kwa kidole. Ingechukua sekunde tatu.

Nikamuuliza kama anahitaji chai.

Jumanne, 12 Machi

Miwani aliniomba tulisome faili lake pamoja, mara ya mwisho, kwa macho tu. Akiliona, kwisha habari yangu. Nikasema hakuna haja, nililisoma vizuri, kusoma kupita kiasi kunaleta mkosi. Mimi, niliyefundishwa kwamba mkosi haupo, kuna watu wasiosoma tu.

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa sketi.

"Basi," alisema. "Ukiridhika wewe, mimi nalala usingizi."

Nilikwenda chooni nikanawa uso mara mbili.

Jumatano, 13 Machi

Imekwisha. Naandika kwa mpangilio, kwa sababu nimefundishwa kwamba ajali huandikwa kwa mpangilio.

Mhandisi ni mama mfupi mwenye begi la mgongoni na viatu vya kutembelea. Hakutaka kukaa kiti cha wageni, alivuta kimoja kati ya viti vibovu akakiegemeza ukutani. Walikuwepo Mwalimu Mkuu, wazazi wachache, Mama katika nguo yake ya harusi za watu, na Dada, ambaye alikuja, kwa maneno yake, kuangalia komeo.

Kobe alianza vizuri. Saa inatembea juu ya skrini, wimbo unapigwa, herufi zinachapwa. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaniashiria, nikamwasha Nyapara. Miwani akabonyeza programu yake ya kunakili mafaili.

Nilikuwa nimeufanyia uso wangu mazoezi kwenye kioo. Nikauandaa. Nikasubiri herufi nyekundu.

Hakuna nyekundu. Saa ya Kobe ilisimama. Wimbo ulikatika katikati. Herufi hazikuchapika tena. Hata kile kimstari kinachopepesa kiliacha kupepesa. Kobe kafa mbele ya Mwalimu Mkuu, na mimi nina uso wa mshangao ambao sasa haukuhitaji mazoezi.

Kila mtu alimgeukia Miwani, kwa kuwa yeye ndiye aliyebonyeza. Mhandisi aliuliza nani kaandika sehemu ya diski. Miwani alisimama.

"Mimi."

Kompyuta ikazimwa, ikawashwa. Akafungua faili lake mbele ya wote, akasoma, akafika kwenye ile mistari miwili. Niliona bega lake likishuka. Alisema amechukua makufuli kinyume, namba kubwa kabla ya ndogo. Alisema hajui ilikuwaje, lakini faili ni lake na kosa ni lake. Hakumtazama mtu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na pumzi, nilikuwa na kila kitu isipokuwa sauti.

Mhandisi akauliza nani alilisoma. Mwalimu akafungua daftari jekundu. Sahihi yangu ikaonekana mpaka safu ya nyuma, ilivyo nzuri. Dada alikohoa. Jambo hili sikuwa nimelifikiria kabisa. Wiki nzima ya mpango, na sikufikiria kwamba kosa lililopita mikononi mwa mkaguzi ni kosa la mkaguzi.

Lakini Mhandisi hakuwa amemaliza. Alisema mistari hiyo ni mibaya, sawa, ila isingemkwamisha Kobe leo. Ili kukwama wanatakiwa wawili, kila mmoja ashike kufuli la mwenzake. Leo programu iliyogusa diski ilikuwa moja tu. Sasa nani kamkwamisha?

Akaomba faili la Nyapara.

Alilisoma kama mtu anayechambua mchele. Kisha akaeleza taratibu, na Mama naye akaelewa, akawa anaitikia kwa kichwa. Nyapara aliona kosa. Hongera. Akalifungia daftari lake kwa kufuli ili mtu asiliguse, akataka kuandika onyo. Kuandika kwenye skrini kunahitaji kufuli la skrini. Kila kufuli linalochukuliwa lazima liandikwe kwenye daftari la Nyapara. Daftari lina kufuli. Nani kalishika? Nyapara. Basi Nyapara akasimama kumngoja Nyapara amalize.

"Angengoja mpaka siku ya kiama," alisema Mhandisi. Akanigeukia. "Ulimjaribu kwa kosa hata moja, mwanangu?"

Nyuma yake Mwalimu alikuwa ananitazama. Nikatikisa kichwa: hapana. Mwalimu alitazama sakafu. Afadhali angenigombeza.

Njia nzima ya kurudi Dada hakunitania. Hapo nikajua kwamba hali ni mbaya.

Alhamisi, 14 Machi

Miwani alikuwa ameshakaa nilipofika. Lile daftari la hesabu lilikuwa wazi juu ya benchi. Kwa penseli, mwandiko wake mdogo: chukua tatu, chukua tano.

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama anauliza saa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilimweleza yote, mpaka uso wa kwenye kioo. Nilidhani atalia, au atanipiga kwa daftari. Ningelipokea. Alifunika kalamu yake, akaniuliza kitu kimoja tu, kwa nini sikumwambia kwamba nataka kwenda kiasi hicho. Nikasema kila mmoja alitaka. Akasema, "Ndiyo, lakini mimi ningekupisha."

Kisha akachukua vitu vyake akahamia benchi la mbele, karibu na dirisha lisilofunga.

Nilikwenda kwa Mwalimu mwenyewe, bila kuitwa. Nilimwonyesha mstari. Kwa kidole. Sekunde tatu, kama nilivyokadiria.

Ijumaa, 15 Machi

Miwani amechaguliwa. Mwalimu alisema Mhandisi aliamua pale pale Jumatano, kabla ya kujua nani aligeuza nini. Alisema kuandika msimbo anaweza kumfundisha mtu yeyote, ila kusimama na kusema "mimi" hajui kunafundishwaje. Klabu ikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa naigiza.

Adhabu yangu: nimebaki Mkaguzi, lakini sahihi yangu peke yake haitoshi tena. Lazima chini yake iwepo ya mtu mwingine. Na nimrekebishe Nyapara, nimjaribu kwa makosa kumi ya kutengeneza, kwenye kompyuta ya pembeni, mbali na Kobe. Nimeshajaribu manne. Sasa anapiga kelele vizuri sana. Laiti.

Jumatatu, 18 Machi

Miwani bado yuko benchi la mbele. Ananisalimia. Salamu yake ni fupi, kama ya kwenye foleni. Leo alikula chungwa zima.

Mama alishauri niombe radhi tena na nimpe muda. Dada alishauri niombe radhi tena na nikae kimya, hasa hilo la pili. Ushauri mzuri wote. Lakini Miwani anaondoka Alhamisi, na muda wenyewe uko wapi?

Nimepata njia bora zaidi. Miwani hufurahi kuliko kawaida akikuta kosa la mtu. Nimeona mara nyingi: hujikuna sikio, hutabasamu upande mmoja, kisha humwita mwenye faili kwa upole. Akikuta kosa langu atalazimika kuniita. Atanicheka. Tutakuwa sawa, kosa kwa kosa.

Nimeandika upya faili langu la saa ya Kobe. Kuna mahali pamoja nikasahau kulirudisha kufuli la skrini. Nimesahau kwa makusudi, penye mwanga kabisa. Mtoto wa chekechea angeliona. Kesho nampelekea alisome.

Hili si kama lile. Lile lilikuwa la ubinafsi. Nyapara sijamwendesha juu yake, angemwahi Miwani na kuharibu kila kitu.

Jumatano, 20 Machi

Jana nilimpelekea Miwani faili. Alilipokea, akakaa nalo kidogo bila kulifungua. Kisha akaja mpaka benchi letu, akakaa. Alisema amefikiri sana. Alisema akilisoma faili langu mstari kwa mstari leo, itakuwa ni kunipeleleza, na hataki kwenda chuoni akiwa mpelelezi wa rafiki yake. Akavuta daftari jekundu, akaandika: nimesoma, nimeridhika. Akaweka sahihi bila kusoma hata neno.

"Nakuamini," alisema. "Tuanze upya."

Nilifungua mdomo. Alikuwa ametabasamu, pande zote mbili. Ningewezaje kumharibia? Nikasema asante.

Mwalimu aliona sahihi, akaongeza ya kwake, kwa kuwa Miwani hakosei. Mchana huu amemnakili Kobe kwenye diski ndogo, pamoja na faili langu jipya, akamkabidhi Miwani apeleke chuoni. Kesho saa tano asubuhi Miwani atamwendesha mbele ya Mhandisi na wataalamu wake wote. Kwa hesabu zangu skrini itaganda dakika ya pili.

Ningeweza kumwambia jioni hii. Nyumba yao ni ya tatu kutoka kwetu, taa inawaka, nasikia cherehani ya baba yake. Lakini tumepatana jana tu, na atadhani ni mchezo uleule.

Nimepata njia. Nitamwandikia barua ya kumtakia safari njema, yenye maneno matamu, na humo ndani nitaweka dokezo dogo, si wazi sana, ili kosa aligundue yeye mwenyewe njiani na sifa ziwe zake. Nimeshaanza. Bado natafuta namna ya kulificha lisionekane haraka.